Misuli Inayonyauka: Prednisoloni Hufanya Nini Ndani ya Mwili wa Mtoto



Leo tutasoma habari za ugonjwa usioletwa na mbu, wala na maji machafu, wala na inzi. Wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 walijifunza katika vikundi vyao kwamba magonjwa mengi ya vijijini huzuilika kwa choo, kwa maji yaliyochemshwa na kwa kufyeka majani karibu na nyumba. Ugonjwa wa leo ni wa namna nyingine. Mtoto huzaliwa nao. Choo kizuri hakiuzuii, na chandarua hakiuzuii. Hata hivyo yapo mambo ambayo mzazi akiyajua, mtoto wake anaweza kutembea kwa miaka zaidi. Na lipo jambo moja ambalo mzazi asipolijua, anaweza kumpoteza mtoto kwa sababu ya vidonge vilivyokwisha siku ya Ijumaa.

Ugonjwa huu unaitwa ugonjwa wa kunyauka misuli wa Duchenne. Jina hilo husomwa Dusheni. Ni jina la daktari Mfaransa aliyeueleza kwa kirefu katika miaka ya 1860. Hupata karibu watoto wa kiume peke yao. Kati ya watoto wa kiume 5,000 wanaozaliwa, mmoja hivi huwa nao. Ni wachache, lakini wako kila nchi na kila kabila. Mahali wasikojulikana, huitwa wavivu, au husemekana wamerogwa.

MTOTO ANAYEPANDA MAPAJA YAKE MWENYEWE

Tuseme yupo mtoto wa kiume hapa Kihesa, wa miaka minne. Huu ni mfano tu, hatumsemi mtoto wa mtu. Mtoto huyu alichelewa kutembea. Wenzake walisimama wakiwa na mwaka mmoja, yeye alingoja hadi mwaka na miezi minane. Sasa anatembea, lakini anayumba kama bata. Anatembea kwa ncha za vidole. Anaanguka mara nyingi, na akianguka hanyanyuki upesi.

Bibi yake anamtazama miguu, anafurahi. "Mwanangu," anamwambia mkwewe, "mjukuu wangu ana mashavu ya miguu kama ya mcheza mpira. Huyu atakuwa na nguvu."

"Na mimi nilidhani hivyo, mama," anajibu mkwewe. "Lakini mbona hawezi kupanda ngazi bila kushikwa mkono?"

Swali la mkwe ni zuri kuliko furaha ya bibi. Mashavu ya miguu ya mtoto huyu ni makubwa na magumu, lakini si kwa nguvu. Yamejaa mafuta na makovu mahali palipokuwa na nyama.

Dalili iliyo rahisi kuiona ni hii. Mketishe mtoto chini, kisha mwambie asimame bila kushika kitu. Mtoto mzima huruka tu akasimama. Mtoto mwenye ugonjwa huu hugeuka kwanza, akapiga magoti, akaweka mikono chini, akainua makalio. Kisha huweka mkono mmoja juu ya goti, na mwingine juu ya paja, akajisukuma pole pole mpaka awe wima. Utadhani anapanda mapaja yake mwenyewe kama mtu anayepanda mti. Daktari Mwingereza aitwaye Gowers aliiandika dalili hii mwaka 1879, na mpaka leo madaktari huitafuta kwa jina lake. Haihitaji mashine yoyote. Inahitaji mkeka na macho.

(Mwalimu wa kisomo anaweza kusimamisha kusoma hapa, mtu mmoja wa darasa aonyeshe jinsi mtoto huyo anavyoinuka. Mtu aliyeiona mara moja haisahau.)

Lakini si kila mguu mdhaifu ni ugonjwa huu. Polio huja ghafla baada ya homa, na mara nyingi hulegeza mguu mmoja. Ukiona mtoto yeyote aliyelegea mguu au mkono ghafla, toa taarifa zahanati siku hiyo hiyo. Konzo nayo huja ghafla, miguu yote miwili ikakakamaa, kwa watu wanaokula muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, kama ilivyotokea wilayani Tarime mwaka 1985. Matege ni mifupa iliyopinda. Ugonjwa wa Duchenne hauji ghafla. Huja kama kiza cha jioni. Huanzia mapajani na nyongani, kisha mabegani. Baada ya miaka mingi hufika kwenye misuli ya kuvuta pumzi na kwenye moyo, maana moyo nao ni msuli. Asipotibiwa, mtoto huacha kutembea kabla ya kufikisha miaka 12 au 13.

BATI LISILO NA MISUMARI

Ili tuelewe dawa, lazima kwanza tuingie ndani ya msuli.

Ukipika nyama ya ng'ombe ikaiva sana, unaweza kuichambua nyuzi nyuzi. Msuli wa binadamu umefanywa hivyo hivyo. Ndani ya nyuzi hizo zimo chembe hai, nyembamba kuliko unywele na ndefu kama uzi. Msuli unapofanya kazi, chembe hizo hujikunja na kujikunjua maelfu ya mara kwa siku. Kila chembe imezungukwa na utando laini. Ndani yake yamo mashine madogo ya kuvuta.

Sasa fikiri juu ya paa la nyumba. Juu kuna bati, chini kuna kenchi. Vitu hivi viwili hushikamanishwa na misumari. Upepo ukivuma, bati halitoki, kwa sababu nguvu za upepo hupita kwenye misumari zikaenda kwenye kenchi. Katika chembe ya msuli, utando ndiyo bati, mashine ya ndani ndiyo kenchi, na ipo protini moja iliyo kama msumari. Protini hiyo inaitwa distrofini. Wataalamu huko Marekani waliitambua mwaka 1987.

Mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne hana distrofini. Paa lake halina misumari. Upepo mdogo ukija, bati linapiga piga. Upepo mwingi ukija, linachanika. Na upepo wenyewe ni nini? Ni kila hatua anayopiga.

Hapa kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa Iringa, tunaoishi kwenye vilima. Tumezoea kudhani kwamba kupanda mlima ndiko kunakouchosha msuli. Kwa mtoto huyu, kuteremka ndiko kunakoumiza zaidi. Mtu akiteremka, msuli wa paja hufanya kazi ya breki. Unavuta, na papo hapo unanyooshwa. Chembe isiyo na distrofini huchanika zaidi katika kazi ya namna hiyo. Basi kumtuma mtoto huyu bondeni kuchota maji, ateremke na kupanda kila siku ili "apate mazoezi", ni kumdhuru. Kuruka ruka kutoka juu kwenda chini pia kunamdhuru. Kutembea tambarare na kucheza bila kuchoka sana ni vizuri. Kukaa bure siku nzima si vizuri.

Utando ukichanika, vitu viwili hutokea. Vya ndani hutoka nje, na vya nje huingia ndani. Vinavyotoka huonekana katika damu. Kimojawapo ni kimeng'enya cha msuli, ambacho kwa mtoto huyu huwa mara nyingi kupita kiasi cha kawaida, na daktari hukipima ili kuutambua ugonjwa. Angalizo moja: vimeng'enya vingine vinavyotoka kwenye msuli ni vile vile ambavyo ini likiugua huonekana katika damu. Kwa sababu hiyo watoto wengine hutibiwa ini miezi mingi wakati ini lao ni zima. Mzazi akiambiwa "ini la mtoto lina kasoro", na mtoto huyo anaanguka anguka, aseme wazi habari ya kuanguka.

Kinachoingia ni kalsiamu, ile ile iliyomo kwenye maziwa na dagaa. Mwilini ina kazi njema, lakini ikiingia ndani ya chembe ya msuli bila kipimo huiwasha chembe hiyo mpaka ikajila yenyewe na kufa. Mwanzoni mwili hutengeneza chembe nyingine. Ndiyo maana mtoto wa miaka mitano au sita anaweza kuonekana amepata nafuu kidogo, na jamaa wakashukuru mizizi waliyomnywesha. Lakini chembe mpya nazo hazina misumari. Zinachanika vile vile. Mwisho mwili huchoka kutengeneza, ukaziba nafasi kwa makovu na mafuta.

MOTO NA WATU WALIOKUJA KUUZIMA

Chembe zinapokufa, mwili hupeleka askari wake kusafisha mahali hapo. Hawa ni chembe nyeupe za damu. Kidonda kidogo kikiwa mguuni, askari hao huja, husafisha, huondoka, kidonda kikapona. Lakini katika ugonjwa huu kidonda hakiishi. Kila siku msuli unachanika, kila siku askari wanakuja, na hawaondoki.

Kila mkulima wa nyanda hizi anajua moto kichaa wa kiangazi. Moto ukiingia shambani, kijiji kizima hukimbilia huko na matawi. Moto unazimwa, lakini kesho yake ukienda kutazama, unakuta mahindi yaliyokanyagwa ni mengi kuliko yaliyoungua. Askari wa mwili hufanya hivyo ndani ya msuli. Pamoja na chembe zilizokufa, wanaharibu na zilizokuwa zingali hai. Na nyuma yao wanaacha makovu.

Hapa ndipo prednisoloni inapoingia kazini. Ni vidonge vidogo vya siku nyingi, visivyo vya bei kubwa, vilivyomo katika orodha ya dawa muhimu za nchi yetu. Ni vile vile ambavyo daktari humpa mtu mwenye pumu kali. Prednisoloni haileti distrofini. Haipigilii msumari hata mmoja. Huingia ndani ya chembe, ikafika kwenye kiini ambako maagizo yote ya chembe hutunzwa, na huko hunyamazisha yale maagizo yanayowaita askari. Wanaokuja wanakuwa wachache, na mahindi yanayokanyagwa yanapungua.

Jambo hili lilijaribiwa kwa uangalifu Marekani, na majibu yakatolewa mwaka 1989. Watoto 103 wenye ugonjwa huu waligawanywa. Wengine walipewa prednisoni, ambayo ni ndugu wa prednisoloni. Wengine walipewa vidonge vya kufanana navyo lakini visivyo na dawa. Hakuna aliyeambiwa amepata kipi, wala daktari aliyewapima hakujua. Katika muda wa miezi 6, waliopata dawa waliongezeka nguvu, na wengine waliendelea kudhoofika. Mwaka 2022 yalitolewa majibu ya jaribio jingine la watoto 196, lililowafuata miaka 3. Lilionyesha kwamba kumeza dawa kila siku kunasaidia kuliko kumeza siku 10 na kupumzika siku 10.

Basi dawa hii hufanya kiasi gani? Kwa wastani mtoto anayeitumia vizuri hutembea miaka miwili au mitatu zaidi, wengine zaidi ya hapo. Mgongo wake hupinda kidogo kuliko wa asiyeitumia. Pumzi yake hukaa vizuri kwa muda mrefu zaidi. Haponi. Atakayekuambia mtoto amepona anataka fedha yako. Lakini kwa mtoto wa shule ya msingi, miaka mitatu ya kwenda kwa miguu yake mwenyewe si kitu kidogo. Na hata akishaacha kutembea, daktari anaweza kuona inafaa aendelee nayo kwa ajili ya pumzi na moyo.

DAWA ILE ILE HUNYAUSHA MISULI YA MTU MZIMA

Kuna jambo ambalo huwashangaza hata waganga. Ukimpa mtu asiye na ugonjwa huu prednisoloni nyingi kwa miezi mingi, mapaja yake hunyauka. Dawa huiambia chembe nzima ya msuli ivunje protini zake ili mwili upate sukari. Msuli usio na moto hauna cha kuzimwa, kwa hiyo hubaki na hasara tupu. Kwa mtoto wa Duchenne moto ni mkubwa, na faida ya kuuzima inazidi hasara. Hata kwake hasara ipo, ndiyo maana kipimo kinapangwa na daktari kwa uzito wa mtoto na kubadilishwa anapokua.

Nalisema hili kwa sababu wapo watu, hasa vijana, wanaonunua prednisoloni au deksamethasoni ili wanenepe mashavu. Uso unaviringika kweli. Lakini ule si unono. Ni maji na mafuta yaliyohamia usoni na tumboni, huku mapaja na mikono ikipungua na mifupa ikilegea. Mtu anayefanya hivyo analipa fedha ili apate nusu ya ugonjwa ambao mtoto wa jirani anautibu.

Mtoto anayetumia dawa hii naye atapata mambo hayo. Atakuwa na njaa ya ajabu, na akila ugali kila anapoulilia atanenepa, na uzito huo utabebwa na miguu ile ile iliyo dhaifu. Mpeni mboga, maharage, dagaa na maziwa, na msizidishe chumvi, sukari wala mafuta. Hatakuwa mrefu kama wenzake, na atachelewa kubalehe. Mifupa yake inaweza kuvunjika kwa kuanguka kidogo, hata pingili za mgongo. Anaweza kupata ukungu wa macho, sukari au shinikizo la damu. Kwa hiyo ni lazima arudi kliniki kupimwa, hata akiwa anaonekana mzima.

Jambo jingine, askari wakipunguzwa wanapungua mwili mzima, si kwenye msuli tu. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Kama nyumbani yupo mtu anayekohoa wiki mbili au zaidi, apelekwe kupimwa kabla mtoto hajaanza vidonge. Daktari atataka pia kujua chanjo zote za mtoto, kwa maana chanjo nyingine haziwezi kutolewa akiwa anatumia dawa hii kwa wingi. Ipo na minyoo iingiayo kupitia nyayo za mtu asiyevaa viatu, ambayo kwa mtu wa kawaida hukaa kimya, lakini kwa mwenye kutumia prednisoloni inaweza kuenea mwili mzima. Akikutana na mwenye tetekuwanga, mzazi asingoje vipele vitokee. Ampeleke hospitali.

TEZI MBILI ZINAZOLALA

Sasa tunafika kwenye lile jambo la Ijumaa.

Juu ya kila figo kuna tezi ndogo kama kofia. Kila asubuhi tezi hizo hutengeneza dawa ya mwili yenyewe, inayofanana sana na prednisoloni. Bila hiyo, mtu hawezi kuvumilia hata homa ndogo. Shinikizo la damu huanguka, sukari hushuka, mtu akazimia.

Mtoto anapomeza prednisoloni kila siku, tezi zake huona kwamba dawa ipo tele, nazo huacha kazi. Wiki zikipita zinasinyaa na kulala. Hazijafa, lakini kuziamsha kunachukua wiki nyingi, pengine miezi. Basi vidonge vikikatwa leo, kesho mwili hauna cha nje wala cha ndani. Mtoto anatapika, tumbo linamuuma, analegea, anapoa, analala na haamki vizuri. Watu wa nyumbani watasema ni malaria. Watampa dawa ya malaria. Na mtoto atakufa akiwa na dawa isiyo yake mdomoni.

Kwa hiyo mtoto aliyemeza prednisoloni kwa wiki nyingi asiachishwe ghafla kwa sababu yoyote. Si kwa sababu amenenepa, wala kwa sababu jamaa wamepata mganga mwingine. Mtu asimwachishe hata kwa maombi. Daktari akiamua kuiacha, ataipunguza kidogo kidogo kwa ratiba ya wiki na miezi, ili tezi ziamke taratibu.

Hesabuni vidonge mapema. Vikibaki vya wiki mbili, ndio wakati wa kwenda kutafuta vingine, maana zahanati inaweza kuishiwa, na daladala ya kwenda mjini inataka nauli ambayo haipatikani kila siku. Kinga hii ndogo inataka mtu anayejua kuhesabu na kusoma karatasi ya dawa, na ninyi mnaosoma gazeti hili mnaweza. Tazameni kidonge kimeandikwa miligramu ngapi. Kidonge cha safari hii kinaweza kuwa cha miligramu 5, na cha safari ijayo cha miligramu nyingine, nacho kikafanana rangi. Mtu asiyesoma atampa mtoto "viwili kama kawaida", na kawaida itakuwa imebadilika.

Na mtoto akitapika asiweze kushika vidonge tumboni, au akipata homa kali, au akivunjika mfupa, hiyo ni safari ya hospitali siku ile ile, hata usiku. Hapo mwili unahitaji dawa zaidi, si pungufu, na atachomwa sindano yake badala ya kidonge. Mwambieni mganga mapema kabisa: "Mtoto huyu anatumia prednisoloni kila siku." Msingoje mwulizwe.

MAMA ASILAUMIWE

Nipite haraka kwenye urithi, ingawa ndiko kelele za nyumbani huanzia. Maagizo ya kutengeneza distrofini ni miongoni mwa maagizo marefu kabisa katika mwili wa binadamu, yana vipande 79. Kwa sababu hiyo siku ya kuukumbuka ugonjwa huu duniani imewekwa tarehe 7 mwezi wa 9. Mtoto wa kike hupata maagizo hayo mara mbili, kutoka kwa baba na kutoka kwa mama. Moja likiwa na kosa, jingine humsaidia. Mtoto wa kiume hupata mara moja tu, kutoka kwa mama. Likiwa na kosa, hana akiba.

Ndipo watu husema, "Kumbe ni mama!" Lakini mama hakuchagua, hakula kitu kibaya, wala hakuvunja mwiko. Na kwa karibu mtoto mmoja katika kila watatu, mama hana kosa lolote mwilini mwake. Kosa limetokea upya kwa mtoto mwenyewe, kama mwandishi anayenakili kitabu kirefu akaruka neno. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa jambo hili anabaki na mtoto mgonjwa na hana wa kumsaidia kumbeba. Dada za mtoto wakikua, waonane na daktari kabla ya kuzaa, na mioyo yao ipimwe pia, kwa maana wengine hubeba kosa hilo bila kuugua misuli.

Zipo dawa mpya huko nje. Moja iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2023 hupeleka maagizo mafupi ya distrofini ndani ya msuli, na bei yake ni dola milioni 3.2 kwa mtoto mmoja. Mwaka 2025 vijana wawili ambao walikuwa wameacha kutembea walifariki kwa ini kushindwa kazi baada ya kuipata. Kwa hiyo hata huko bado wanapapasa. Nyingine inayojulikana sana hapa kwetu ni gentamaisini, sindano ya kuua vijidudu. Mwaka 1999 ilionekana kwamba kwa panya wenye kosa la aina fulani iliwasaidia kutengeneza distrofini kidogo. Kwa watoto haikutosha, na ikitumiwa muda mrefu inaharibu masikio na figo. Mtu asije akamchoma mtoto gentamaisini kwa kusikia habari hii.

MOYO NA CHUMBA CHA UPASUAJI

Zipo dawa nyingine mbili za kukumbuka, moja ya kutafuta na moja ya kukimbia.

Ya kutafuta ni ya moyo. Dawa kama enalapril, wanayopewa wazee wenye shinikizo la damu, hupunguza mzigo wa moyo, na mara nyingi huanza kutolewa karibu na miaka 10, kabla moyo haujaonyesha udhaifu. Muulizeni daktari wa hospitali ya rufaa, Iringa, Mbeya au Muhimbili. Msiinunue wenyewe.

Ya kukimbia hutumiwa katika chumba cha upasuaji. Mtoto anaweza kuvunjika mguu au kupata ngiri, akahitaji kulazwa usingizi. Sindano moja ya kulegeza misuli, iitwayo saksamethoniamu, na baadhi ya hewa za usingizi kama halotheni, zinaweza kuzipasua chembe za misuli zisizo na misumari, zikamwaga chumvi ya potasiamu kwenye damu, na moyo ukasimama pale pale mezani. Mtaalamu wa usingizi anaweza kutumia dawa nyingine, lakini hataweza kujua kama hakuambiwa. Mtoto mdogo anaweza kuwa hajatambuliwa bado, kwa hiyo mwambieni hata kama ni habari ya kuanguka anguka tu.

Katika darasa la kisomo, mwenye mtoto wa namna hii aandike maneno haya kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, aifunge kwa nailoni, mtoto aivae shingoni au iwekwe ndani ya kadi yake ya kliniki:

NINA UGONJWA WA MISULI WA DUCHENNE. NINATUMIA PREDNISOLONI KILA SIKU, MILIGRAMU ........ MSINIACHISHE GHAFLA. NIKITAPIKA AU NIKIZIMIA, NAHITAJI SINDANO YAKE. MSINICHOME SAKSAMETHONIAMU.

Mahali penye nukta, daktari ataandika kipimo. Kikibadilishwa, andikeni karatasi mpya siku hiyo hiyo na ya zamani ichomwe.